Ukali, Nguvu na Mkolezo: Juu ya Istilahi za Asidi, Besi na Oksidisho

Mabishano juu ya istilahi za kemia aghalabu huishia katika swali moja: neno ni la wenyeji au ni la kuazima? Swali hilo halitoshi. Istilahi za asidi, besi na oksidisho, ambazo mwanafunzi hukutana nazo mapema, zadhihirisha kwamba neno la nyumbani laweza kupotosha kuliko neno geni. Na kwamba msaada mkubwa wa Kiswahili umo katika vitenzi vyake kuliko katika majina.

Tulitazame neno tindikali. Limeenea sana, hasa kwa maji ya betri, na msikilizaji hulisikia ndani yake neno kali. Walakini kostiki soda, ambayo ni besi, huunguza ngozi vile vile. Na siki, ambayo ni asidi, hutiwa katika chakula. Ukali basi hautengi asidi na besi. Neno asidi lafaa zaidi, kwa kuwa halimwambii mwanafunzi jambo lisilo kweli kabla ya somo kuanza.

Hatari kubwa zaidi imo katika usemi "asidi kali". Kuna asidi ambayo karibu molekuli zake zote huachana na protoni zikiingia majini, kama asidi hidrokloriki. Na kuna asidi iliyo nyingi katika maji machache. Hayo ni mambo mawili. Asidi hidrokloriki iliyozimuliwa haipotezi nguvu yake ya asili, na asidi ya siki ni dhaifu hata ikikolea. Jikoni watu husema chumvi imekolea, na kinywaji kikizidi huzimuliwa kwa maji. Vitenzi hivyo vyatosha: asidi yenye nguvu au dhaifu, iliyokolea au iliyozimuliwa. Neno kali liachiwe onyo la chupani.

Besi na alkali nazo zisichanganywe. Alkali, neno lenye asili ya Kiarabu lililohusu majivu ya mimea, ni besi inayoyeyuka katika maji. Oksidi ya shaba ni besi, lakini haiyeyuki. Kwa hiyo si alkali.

Mwaka 1923 Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba asidi hutoa protoni na besi huipokea. Maji hutoa protoni yakikutana na amonia, nayo huipokea yakikutana na kloridi ya hidrojeni. Asidi, kwa maana hiyo, ni cheo cha kitu mbele ya mwenzake. Na kutoa na kupokea ni maneno yasiyohitaji kamusi.

Vitenzi hivyo hivyo vyafaa katika oksidisho. Kipande cha zinki kikitiwa katika maji ya mrututu, rangi ya buluu hufifia na shaba nyekundu hutuama. Kila atomu ya zinki hutoa elektroni mbili. Ayoni ya shaba huzipokea. Oksijeni ya nje haina kazi hapo, ingawa jina la oksidisho latokana nayo. Tendo la shaba likiitwa "upunguzaji", mwanafunzi ana haki ya kuuliza: aliyepokea amepunguziwa nini? Jina hilo katika lugha za Ulaya lilitoka katika kazi ya kurudisha madini kuwa metali, ambapo uzito hupungua oksijeni ikiondoka. Katika mrututu kinachopungua ni namba ya oksidisho, kutoka +2 hadi 0. Bila maelezo hayo tafsiri ni mtego.

Mtu aweza kupendekeza "kupeana elektroni". Lakini kiambishi -an- chadokeza kwamba kila upande unatoa na kupokea, na sivyo ilivyo. Afadhali kusema kitoaji na kipokeaji, kwa ngeli ya KI-VI, maana mtoaji angedhaniwa mtu. Na daima kitajwe kinachotolewa, protoni au elektroni. Hivyo majina ya kimataifa yatabaki ili kumfikisha msomaji katika vitabu vingine, na fasili zitasimama juu ya vitenzi anavyovijua tangu utotoni.