Milimita Nane

Septemba 2025, picha za Death Star mpya ya LEGO zilipotoka rasmi, watu wazima wenye kazi na familia zao walianza kubishana kama ile ni tufe au si tufe. Seti hiyo, inayotokana na filamu za Star Wars, ina vipande 9,023 na vijitu 38, na bei yake Marekani ilipangwa kuwa dola 999.99. Hakuna seti ya LEGO iliyowahi kufika hapo. Lakini bei haikuwa ugomvi wote. Chombo chenyewe kwenye filamu ni cha mviringo kama mwezi, na seti ya mwaka 2008, iliyokuwa na vipande 3,803 tu, ilijaribu kuwa ya mviringo. Hii mpya imekatwa kama silesi ya papai: duara bapa linalosimama, vyumba vyake vyote vikiwa wazi kwa mbele. Wapo waliofurahi, wapo walionung'unika. Mimi nilinung'unika, ingawa sebuleni kwangu hata hiyo silesi haina pa kukaa.

Nusu ya starehe ya mkusanyaji huja kabla sanduku halijafika mlangoni. Atapiga hesabu ya mishahara miwili au mitatu, atapima kabati na kumwomba mwenza wake radhi mapema. Kisha ataichukua picha ya tangazo na kuikuza mpaka ianze kuvunjika, ili aone kona ile ya kushoto fundi ametumia kipande gani. Hapo kwenye kukuza picha ndipo tunapopatana, mimi na yeye. Ukubwa wa seti umeshaandikwa kwenye tangazo, hauhitaji kukuzwa. Anachokitafuta ni namna walivyofanya.

Maana hesabu ya vipande inaweza kumpumbaza mtu. Mwaka 2021 ilitoka ramani ya dunia yenye vipande 11,695, lakini vingi vyake ni vidude vya duara, vidogo kama vifungo vya shati, vinavyochomekwa kimoja kimoja juu ya ubao. Ukutani inapendeza, na aliyeimaliza anastahili pole na pongezi, ila fundi aliyeibuni hakuwa na fumbo zito la kufumbua. Mwaka huohuo ukatoka mti mdogo wa bonsai, vipande 878 tu. Ukiusogelea mti huo wakati umechanua, utakuta maua yake ni vyura. Vyura wa plastiki wa rangi ya waridi, wamejipanga kwenye matawi, na ukirudi hatua mbili nyuma wanageuka tena kuwa maua. Kati ya ramani na chura, mimi namchagua chura.

Lakini tuanze na kitofali chenyewe.

Kile cha kawaida kina vinundu nane juu, safu mbili za vinne vinne. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Kwa hesabu hiyo urefu wa kitofali ungekuwa milimita 32, nao ni 31.8. Upana ungekuwa 16, nao ni 15.8. Hizo sehemu mbili za kumi za milimita zimepunguzwa makusudi, ili vitofali vikilala ubavu kwa ubavu visisukumane. Ukijenga ukuta wa vitofali hamsini bila kuacha nafasi hiyo, kasoro ndogo ya kila kimoja itajumlishwa na ya jirani yake, na mwishoni ukuta hautaingia mahali pake.

Sasa kipindue. Ndani utaona mirija mitatu mifupi. Kinundu kinachoingia kutoka chini hakikuti tundu la saizi yake. Kinabanwa kati ya ukuta na mrija. Plastiki inasogea kidogo sana, jicho halioni, kisha inataka kurudi ilikokuwa. Huko kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Kikikaza mno, mtoto wa miaka mitano hawezi kukitoa. Kikilegea mno, mnara unaanguka paka akipita. Kalibu za chuma zinazotoa vitofali hivi huchongwa kwa usahihi unaopimwa kwa elfu za milimita, na sababu ni hiyo tu.

Nilikuja kulielewa hilo kwa njia ya hasara. Niliwahi kumnunulia mpwa wangu ndoo ya vitofali visivyo na jina, vya bei poa, vyenye rangi zote za kanga. Kwa macho vilifanana na vya LEGO kama pacha. Vingine vilipwaya, ukiinua nyumba ukuta unabaki mezani. Vingine viliumana mpaka mtoto akawa anavitenganisha kwa meno. Kufika Jumapili ndoo ilikuwa imegeuka kiti.

Wazo la kitofali cha kupachika halikuzaliwa LEGO, na haki lazima isemwe: aliyetangulia ni Mwingereza Hilary Fisher Page, na vitofali ambavyo LEGO walianza kuvitoa mwaka 1949 vilifuata vyake. Vilikuwa vitupu ndani, vikashikana kwa shingo upande. Mirija ndiyo iliyokuja kutoka Billund, kijiji cha Denmark, na hati ya ubunifu wake iliombwa tarehe 28 Januari 1958 na Godtfred Kirk Christiansen. Baba yake, Ole Kirk, alifariki Machi ya mwaka huohuo.

Mzee huyo alikuwa seremala. Mwaka 1932, uchumi ulipoporomoka na watu wakaacha kujenga nyumba, aligeukia vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea watoto. Kampuni yenyewe husimulia kisa cha bata wa mbao. Godtfred, akiwa kijana anayesaidia karakana, alikuja siku moja kumweleza baba yake kwa furaha kwamba ameokoa fedha: wale bata waliopelekwa stesheni amewapaka vanishi mara mbili badala ya mara tatu. Baba hakufurahi. Akamtuma akawarudishe, awapake mkono wa tatu, awafunge upya na kuwapeleka tena, peke yake, hata kama kazi itamkesheza. Visa vya namna hii makampuni hupenda kuvitia chumvi. Hiki nakikubali, kwa kuwa nimekaa karibu na mafundi wa aina hiyo, wale wanaopiga randa hata upande wa kabati utakaoegemea ukuta.

Turudi kwenye vipimo, maana utamu wenyewe umefichwa humo. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6 bila kinundu. Kuna vipande vyembamba, tuviite bapa, vyenye kimo cha 3.2, kwa hiyo bapa tatu zikipandana zinalingana na kitofali kimoja. Hilo kila mtoto hulijua kwa vidole. Lakini zipandishe bapa tano. Mara tano 3.2 ni 16, na 16 ndiyo nafasi ya vinundu viwili kwa upana. Maana yake ni kwamba ukilaza rundo la bapa tano kwa ubavu, linaingia sawasawa pale ambapo vinundu viwili vingekaa. Kuanzia hapo fundi hajengi kwenda juu tu. Anajenga kwenda pembeni, kinyumenyume, anaficha vinundu ndani, anapata uso laini pale alipoutaka. Seti kubwa zote za maonyesho ninazozijua zinaitegemea hesabu hiyo.

Mtunzi wa utenzi naye ana nane zake. Kila kipande, aghalabu, mizani nane, na kina mahali pake. Sijasikia msikilizaji akilalamika kwamba mizani inamfunga malenga. Tunakaa kumsikiliza ili tuone atapitaje. Msanifu wa seti ana milimita nane na ghala la maumbo yaliyokwisha kuchongewa kalibu. Umbo jipya lina gharama yake. Kwa hiyo hutafuta kwanza katika yaliyopo, kama mtunzi anavyopekua neno la zamani ili lifae kina kigumu, na ndivyo chura anavyoishia kuwa ua.

Ukiniuliza seti ipi ilistahili kungojwa, nitakutajia Mnara wa Eiffel wa Novemba 2022. Vipande 10,001, kimo sentimita 149. Aliyeusanifu ni Rok Žgalin Kobe, ambaye alikwisha kuisanifu Colosseum ya Roma ya mwaka 2020 yenye vipande 9,036. Colosseum ilikifaa kitofali, kwa sababu ni ukuta, na kitofali kimezaliwa kuwa ukuta. Mnara ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya mnara ni hewa. Ni kimia cha chuma, mapao yanayopishana kwa msalaba, na katikati yake unaona mawingu ya Paris.

Miguu yake minne ndiyo taabu. Haipandi wima, wala haipandi kwa mstari ulionyooka. Inajipinda taratibu kuelekea kileleni, na mpindo huo ulikokotolewa kwa ajili ya upepo. Kitofali hakijui mpindo. Kinajua juu, chini, kushoto, kulia, kila kitu kwa pembe mraba. Ukikiinamisha, uzito wa juu unataka kuisukuma miguu nje, na cha kuizuia ni ule msuguano mdogo wa kinundu na mrija. Kisha lazima uzani uwe mdogo na fito ziwe nyembamba, la sivyo utapata mnara wa mawe uliopakwa kijivu. Kobe aliugawa katika sehemu nne zinazopandishwa moja juu ya nyingine, akaujaza vipande vyembamba vya fito na vizuizi, na mpindo ukatokea. Ukisimama mbali hesabu haionekani.

Wapo waliolalamika kwamba kuujenga kunachosha: msalaba uleule, mguu uleule, mara nne. Nawaelewa, ila naona wamekosa kitu. Mnara wenyewe, uliojengwa kati ya Januari 1887 na Machi 1889, una vipande vya chuma 18,038. Havikukatwa uwanjani. Vilichorwa kimoja kimoja na kutengenezwa katika karakana ya Eiffel huko Levallois-Perret, nje kidogo ya Paris, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, vikapelekwa Champ de Mars vikaunganishwe. Kwa maneno mengine, ule nao ulikuwa seti. Ulifungwa kwa ribiti milioni mbili na nusu, na kila ribiti ilihitaji mafundi wanne: mmoja aipashe moto, mmoja aishike mahali pake, mmoja aitengenezee kichwa, mmoja aipige nyundo. Ribiti ilipopoa ilijikunyata, na kujikunyata huko ndiko kulikobana chuma kwa chuma. Anayerudia msalaba wa mia sebuleni kwake anafanya kazi ileile, bila jasho na bila moto. Na mfano wake, kwa kimo, ni kama sehemu moja ya 220 ya mnara wa kweli.

Kinyongo changu na mnara huu ni rangi tu. Ule wa Paris ni wa kahawia, huu wametoa wa kijivu cha giza. Nimeuzoea, sijaukubali.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mnara ulitoka kwa dola 629.99 Marekani, Death Star ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru. Kuna watu wananunua masanduku mawili, moja la kujenga na moja la kufungia kabatini wakisubiri seti ikome kutengenezwa wauze kwa faida. Taj Mahal ya mwaka 2008, vipande 5,922, ilipanda bei hivyohivyo baada ya kutoweka madukani. Mwaka 2017 kiwanda kikairudisha, na kipande kimoja zaidi. Waliokuwa wamefungia zao walipata homa. Sikuwaonea huruma sana. Sanduku lisilofunguliwa halimfundishi mtu lolote kuhusu bapa tano.

Seti nyingine kubwa itatangazwa, hilo halina shaka, na watu watabishana tena. Ikitoka picha yake, ikuze. Tafuta mahali penye mpindo, maana mpindo ndio unaomsumbua fundi, kisha jaribu kukisia ameupitaje kabla hujafunua kitabu cha maelekezo. Na kama ni ule mnara uliouwekea nia, pima meza kwanza: kitako chake ni sentimita 57 kila upande.