Shira Isiyokorogwa: Mapishi ya Kiangazi Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mwisho wa kiangazi, yaani tangu Oktoba mpaka mvua za kwanza zitakaposhika, ndio wakati ambapo joto huzidi nguvu na watu hutafuta kivuli mapema. Lakini ndio wakati pia ambapo ghala na shamba hukutana, kwani karanga zilizovunwa tangu Aprili zingali ndani ya magunia, ufuta uliobakizwa baada ya mnada ungali ndani ya madebe, na mikorosho imekwisha anza kuangusha mazao yake chini. Wakati huo aghalabu hupikwa vitu vichache visivyo na gharama, kama vile kashata, maji ya mabibo, na mbaazi zilizoungwa kwa tui la korosho, na sahani zake hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile kabla hazijapoa. Kwa kuwa viambato vyake ni vichache, watu wengi huvihesabu kuwa mapishi ya watoto. Rai yangu ni kinyume cha hiyo: viambato vikiwa vichache, kosa halina mahali pa kujificha, na katika vyakula hivi vyote kosa lenyewe huwa moja, nalo ni kutoyatawala maji.

Tuanze na kashata, iliyo ngumu kuliko vyote. Mtu wa Kilwa au wa Lindi mjini akisikia jina hilo hufikiri kwanza kashata ya nazi, ambayo ina kanuni yake: sukari na nazi huchemshwa pamoja na kukorogwa bila kukoma, na kule kukorogwa ndiko kunakoifanya shira iote chembe ndogo ndogo za sukari, hata kashata ikipoa ikawa laini na yenye kumumunyika. Nachingwea na Ruangwa ziko bara, na nazi hufika huko kwa gari. Kwa hiyo kashata ya nyumbani ni ya karanga, au ya ufuta, au ya korosho, nayo haitaki chembe hata moja. Yataka shira iwe kioo. Mpishi aliyezoea nazi akiingia katika kashata ya korosho na mwiko wake ule ule na bidii yake ile ile, huiharibu kwa sababu ya bidii.

Korosho yenyewe ina taabu yake kabla haijafika jikoni. Wenye kubangua nyumbani huzitandaza juu ya kipande cha bati kilichotobolewa, na moto mkali ukawashwa chini. Ganda lina mafuta yenye kuunguza ngozi, na mafuta hayo yakipata moto huwaka, moshi mzito ukapanda, na mwenye busara hasimami upande uendako upepo. Maganda yakisha kuwa meusi, bati hupinduliwa na korosho hufukiwa mchangani, ili mchanga uuzime moto na kuyanyonya mafuta yaliyosalia, kisha hugongwa moja moja. Akichelewa, mbanguaji hupata kokwa chungu. Akiharakisha, hupata ganda lililo gumu kupasuka na lenye mafuta ya kumchoma vidole. Sehemu kubwa ya korosho za wilaya hizi haipiti katika moto huo wa nyumbani, bali huuzwa ghafi mnadani kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na nyingi huvuka bahari kwenda kubanguliwa Vietnam na India. Inayobaki nyumbani ni kidogo, na aghalabu ni vipande. Lakini kwa kashata vipande ni bora kuliko kokwa nzima, kwa maana shira hushika uso wa kitu, na kitu kilichovunjika kina nyuso nyingi. Anayenunua korosho nzima nyeupe za bei kubwa ili azitie katika kashata ananunua uzuri ambao shira itaufunika.

Karanga nazo zina kisa chao hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, ili watu wake, waliokuwa na uhaba wa mafuta baada ya vita, wapate ya kupikia. Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu kubwa zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo, na kwa ajili yake bandari ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa hadi bara, reli ambayo leo haipo. Januari 1951 mpango ule ulitangazwa kuwa umekwisha, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Kilichowavuta wale wakubwa ni mafuta, ambayo hukaribia nusu ya uzito wa punje. Na mafuta hayo hayo ndiyo yanayomtaabisha mpishi wa Novemba, kwa kuwa karanga iliyomenywa mapema na kuachwa katika joto hugeuka ladha, ikaacha ukali kooni usioondolewa na sukari yoyote. Karanga za kashata zikae ndani ya maganda yake mpaka siku yenyewe. Fauka ya hayo, yoyote iliyosinyaa, au iliyobadilika rangi, au yenye ukungu, itupwe mbali, wala mtu asijidanganye kwamba moto wa kikaango utaitakasa, kwa maana sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa.

Sasa shira. Vipimo ninavyovikubali ni vikombe viwili vya korosho au karanga kwa kikombe kimoja cha sukari, maji robo kikombe, matone machache ya ndimu, chembe ya chumvi, na iliki punje tatu au nne zilizotwangwa. Ufuta, kwa kuwa punje zake ni ndogo na hunywa shira nyingi, haufai kuzidi kikombe kimoja na nusu. Sukari na maji huwekwa katika sufuria nzito juu ya makaa ya kiasi, zikakorogwa mpaka chembe ya mwisho iyeyuke, na hapo mwiko huwekwa kando usirudi tena. Jambo la kulifahamu ni hili, kwamba shira inayochemka haipandi joto kwa sababu moto umezidishwa, bali kwa sababu maji yametoka: ikianza huchemka kwa joto lililopita nyuzi 100 kidogo tu, ikifika 115 hivi ingali na maji mengi, na tone lake likidondoshwa katika kikombe cha maji baridi hufinyangika vidoleni, ikifika 150 maji yaliyobaki ni takriban sehemu moja katika mia, na tone lake huvunjika kwa mlio. Wapishi wasio na kipimajoto, nao ndio wengi, hawakosi chochote maadamu wana kikombe cha maji baridi na subira, kwani tone huwaambia kwa hakika kiasi cha maji kilichosalia. Kutoka hapo shira huanza kugeuka rangi ya asali, na kati ya rangi ya asali na uchungu wa kuungua pana muda mfupi sana, hivi kwamba mpishi anayeitwa mlangoni wakati huo ni heri asiitike.

Hatari nyingine ni ule ukuta wa sukari kavu unaoganda pembezoni mwa sufuria juu ya shira, ambao chembe yake moja ikianguka ndani huwaita wenzake, na kwa dakika chache shira yote ikawa nyeupe na ya mchanga. Dawa yake ni kitambaa safi kilicholowa, kilichofungwa kwenye kijiti, kwa kuupangusa ukuta huo mapema. Na ndimu ni dawa ya pili, kwa kuwa ukali wake huigawa sehemu ya sukari kuwa sukari za aina nyingine zisizopenda kujipanga chembe. Walakini ndimu ikizidi, sukari hizo hizo huvuta unyevu wa hewani, na kashata iliyokuwa kavu asubuhi ikawa ya kunata jioni. Hii ndiyo sababu ya mimi kutoipenda sukari guru katika kashata za korosho, ijapokuwa harufu yake ni nzuri na wapo mabingwa wanaoiapia: ina tabia hiyo ya kuvuta unyevu tangu kuzaliwa kwake. Katika ukavu wa Oktoba haina neno. Mvua zikikaribia, hulainika upesi.

Rangi ikitimia, sufuria huondolewa motoni ndipo korosho zitiwe, nazo ziwe za moto, zimetoka kikaangoni saa hiyo hiyo. Ustadi wa wapishi wazuri hudhihirika hapa, maana korosho baridi huishtua shira ikaganda kabla haijaenea, na matokeo yake ni mabonge matamu upande mmoja na korosho zilizo uchi upande mwingine. Iliki na chumvi hutiwa hapo hapo, si mapema, kwa kuwa moto mkali huifukuza harufu ya iliki. Kisha yote humiminwa juu ya sinia iliyopakwa mafuta, na kutandazwa kwa chupa iliyopakwa mafuta pia, na kisu hupitishwa wakati kashata ingali vuguvugu. Anayengoja ipoe hatakata, atavunja. Katika kugawa, vipande visivyolingana huleta manung'uniko kwa watoto, kwa hiyo mistari ya kisu ichorwe kwanza yote kwa wepesi, ndipo ikatwe hadi chini.

Kama katika kashata maji hufukuzwa, katika bibo hutakaswa. Tunda hili huanguka lenyewe likiwa limeiva, na korosho yake ikining'inia kwa nje, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba lililookotwa asubuhi huwa limeanza kuchachuka kabla ya siku kwisha. Ndiyo maana mengi huishia kukaushwa yakawa kochoko, au kuachwa yakageuka kileo cha uraka, ambao wengine huupenda na sitaki kuwazuia. Anayetaka maji matamu ya mabibo aokote asubuhi, aoshe, akamue siku hiyo hiyo. Wengi hujaribu mara moja wakaacha, kwa sababu ya ukakasi unaokaza ulimi na koo. Ukakasi huo hutokana na tanini, ambayo hushikana na utelezi wa mate, na dawa yake imo katika tabia yake hiyo hiyo ya kupenda kushikana: maji ya mabibo yaliyokamuliwa hutiwa uji mwembamba wa mchele uliopoa, kiasi cha vijiko vichache kwa jagi, yakakorogwa na kuachwa yatulie. Tanini hujifunga na wanga wa mchele, ikazama chini kama tope, na maji yaliyo juu huchujwa kwa kitambaa cha melimeli, yakiwa mepesi na yenye rangi ya dhahabu. Asitumie sufuria ya chuma, kwani tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Wala asiyachemshe sana, maana bibo lina vitamini C iliyo mara kadhaa ya ile ya chungwa, na moto huiharibu. Sukari ni kidogo sana au hapana. Kuhusu nguo, avae kanga kuukuu, kwa sababu doa la bibo halijui sabuni.

Juu ya mbaazi sina maneno mengi. Mbaazi kavu hulowekwa usiku na kuchemshwa mpaka zilainike kabisa, chumvi ikitiwa baadaye, na vitunguu na nyanya hukaangwa kando. Panapotakiwa tui na nazi haipo, vipande vya korosho ghafi vilivyobanguliwa hulowekwa kwa muda wa saa mbili, hutwangwa kinuni mpaka viwe laini, na kuzimuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Tui hili halifanani na la nazi kwa tabia: la nazi likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea, la korosho lina wanga, kwa hiyo likipata moto huzidi kuwa zito na kushika chini ya chungu. Basi litiwe mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na likorogwe mpaka mchuzi uuvae mwiko, kisha chungu kiepuliwe mara moja, kwani litaendelea kukazana lenyewe. Mbaazi hizo huliwa kwa muhogo wa kuchemsha, na waliobahatika kupata ming'oko, yaani viazi vya mwituni vya kuchimbwa, huichemsha kwa chumvi na kuiweka pembeni, imenywe kwa vidole huku watu wakizungumza.

Iliyobaki ni habari ya kuhifadhi. Maji ya mabibo hayalali. Yanywewe siku hiyo au yatolewe kwa jirani kabla ya magharibi. Kashata iliyopikwa vizuri hukaa majuma kadhaa ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza, karatasi ikitandikwa kati ya tabaka na tabaka, maadamu imewekwa ikiwa imepoa kabisa, kwa maana ikifungiwa na joto lake hutoa jasho, na maji yote aliyoyafukuza mpishi kwa moto hurudi kwa mlango wa nyuma. Mvua za Disemba zikianza, kila kopo linapofunguliwa huingiza unyevu, kwa hiyo makopo madogo mengi ni bora kuliko moja kubwa; na zile kashata zitakazonata licha ya yote hutwangwa kinuni na kutiwa katika uji wa asubuhi, wala hauhitaji sukari nyingine.