Heko kwa Wapekuzi wa Opali

Muuza vito hutafuta jiwe safi. Mtaalamu wa hadubini hufurahia lenye uchafu, na kwa hilo nampa heko.

Chukua opali za Wegel Tena, nyanda za juu za Ethiopia, zilizogunduliwa mwaka 2008 ndani ya miamba ya volkano. Katikati ya rangi zinazochezacheza kuna doa jeusi. Ni nini? Mtaalamu huligeuza jiwe taratibu, akilimulika kutoka ubavuni. Doa likimeta kimanjano kama shaba na kuwa na pande zilizonyooka, huenda ni pairiti, madini ya chuma na salfa. Likionyesha vyumba vya seli vilivyopangana, basi ni kipande cha mmea kilichonaswa silika ilipokuwa bado ikiganda, mamilioni ya miaka iliyopita.

Jicho likisita, huwashwa leza. Sehemu ndogo ya mwanga wake hurudi imebadilika kulingana na kitu ilichogusa, jambo aliloligundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928. Jiwe halikatwi wala halikwaruzwi. Hata maji ya kulitumbukizia hayahitajiki, na ni heri, maana opali nyingi za Wegel Tena huyanywa na kubadilika sura. (Wapo wanaozitumbukiza tu bila kuuliza!)

Mswisi Eduard Gübelin, aliyefariki mwaka 2005, alitumia miongo mingi kupiga picha matumbo ya vito, akaonyesha kwamba mara nyingi yaliyomo hudokeza jiwe lilikotoka. Warithi wake humwambia mnunuzi ukweli kabla hajafungua pochi.