Nani atakubali kuwa nafsi ya kwanza?

KATIKA sarufi, nafsi ya kwanza ni yule asemaye, na nafsi ya pili ni yule aambiwaye. Haya tunafundishwa tungali wadogo, kisha tunayasahau. Leo nayarudia kwa sababu kuna kazi moja ya Kijapani ambayo, kwa maoni yangu, inaeleweka vyema zaidi ukiisoma kwa kanuni hiyo. Nayo ni Kaguya-sama: Love Is War, anime iliyotokana na hadithi za picha za Aka Akasaka zilizochapishwa kati ya 2015 na 2022. Wanafunzi wangu wanaipenda mno. Wazee wenzangu wakisikia neno katuni hubetua midomo.

Wahusika wakuu ni wanafunzi wawili wa Shuchiin, shule ya watoto wa wakwasi. Kaguya Shinomiya, makamu wa rais wa baraza la wanafunzi, ni binti wa ukoo unaomiliki makampuni makubwa makubwa. Rais wa baraza, Miyuki Shirogane, ni mwana wa kapuku aliyeingia pale kwa akili na bidii ya mchwa. Wanapendana. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na hawa wawili wanakohoa tangu kipindi cha kwanza. Lakini kila mmoja ameapa kwamba hatasema. Kwao, atakayetangulia kutamka ameshindwa, na mwenzake atamtawala daima. Basi kila uchao ni kutegana tu. Tiketi mbili za sinema zinatosha kuwafanya wapige hesabu kama majenerali: nimwombe twende, au nimsukume aniombe yeye? Mwishoni mwa pambano, msimulizi anatangaza nani kashinda, utadhani ni ndondi.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tukumbuke kwamba huko Japani uhusiano wa vijana aghalabu huanza kwa tamko rasmi liitwalo kokuhaku. Mmoja humkabili mwenzake, akamwambia anampenda, kisha akasubiri jibu. Ajabu ni kwamba lugha yao inampa msemaji kichaka cha kujifichia. Neno suki, wanalolitumia kuelezea kupenda, halibebi kiambishi cha nafsi. Mtu aweza kulitamka bila kutaja nani anapenda wala nani anapendwa, muktadha ukamalizia.

Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Tazama 'ninakupenda': ni-na-ku-pend-a. Mtenda yuko mlangoni, mtendwa yuko katikati, na hata ukifupisha ukasema 'nakupenda', wote wawili bado wamo. Kaguya na Shirogane wangekuwa wasemaji wa Kiswahili, wangeteseka maradufu. Wanataka kufika kwenye 'tunapendana', kauli ya kutendana, bila yeyote kupitia 'nakupenda'. Tena ukiwachunguza zaidi utaona kwamba kila mmoja anatamani kauli ya kutendwa tu: 'ninapendwa'. Anataka sentensi ambayo yeye anapokea na mwenziwe ndiye anayejihatarisha.

Hapo ndipo ulipo ubinafsi wao, na si sadfa kwamba neno lenyewe limetokana na nafsi. Sisi humdhania mbinafsi kuwa mtu anayesema 'mimi' kupita kiasi. Hawa wawili ni wabinafsi wa aina nyingine: hawathubutu kusema 'mimi' pale ambapo neno hilo lina gharama.

Wapo wanaosema eti hila hizi ni mzaha usiomdhuru mtu. Sikubaliani nao. Tumtazame Ai Hayasaka, kijakazi wa Kaguya na msichana wa rika lake. Ndiye anayetumwa kupeleleza, ndiye anayeandaa mitego. Kuna wakati anajibadilisha sura na jina ili amvutie Shirogane, kwa sababu tu amebishana na bosi wake kuhusu ugumu wa kumnasa kijana huyo. Shirogane anamkataa, maana tayari yuko anayempenda. Tunacheka, lakini anayebaki na fedheha ni Hayasaka, wala vita havikuwa vyake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Kasoro ya kazi hii, hasa msimu wa kwanza wa 2019, ni kwamba inakimbilia kicheko kingine kabla hatujazisikiliza hizo nyasi.

Hata hivyo, Akasaka hakuishia kwenye mzaha. Kadiri kisa kinavyosonga, tunatambua kwamba kiburi cha wawili hawa ni woga. Kaguya kalelewa katika nyumba inayowaona watu kama vyombo vya kutumiwa. Shirogane, ambaye mama yake aliiacha familia, anaamini kwamba asipokuwa bora kuliko wote hana cha kupendewa. Na jina la Kaguya linatoka kwenye ngano kongwe ya Kijapani, kuhusu binti wa mwezini aliyewapa wachumba watano kazi zisizowezekana, mmoja wao akiagizwa kauri ya mbayuwayu. Wote walishindwa, naye akarudi mwezini bila mume. Mwenye kuwapima wenzake daima, mwisho wake ni huo.

Mwishoni mwa msimu wa tatu, ulioonyeshwa 2022, wanakutana usiku wa tamasha la shule juu ya mnara wa saa. Shirogane, aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Stanford, anamwomba Kaguya waende pamoja Marekani. Kaguya anakubali, kisha anambusu. Mtazamaji aliyesubiri misimu mitatu huenda akalalamika kwamba lile neno halijatamkwa. Mimi silalamiki. Litafsiri ombi lile kwa Kiswahili utapata 'nakuomba', lenye viambishi vilevile vya 'nakupenda': yupo anayeomba, naye anaweza kukataliwa. Hatimaye mtu kakubali kuwa nafsi ya kwanza.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Wajapani tu. Msamiati wetu wa mahaba nao umejaa uwindaji na uvuvi: tunategana, tunarusha ndoano, tunanasa, tunatekwa. Nawaona vijana wakihesabu dakika kabla ya kujibu ujumbe wa simu, wasije wakaonekana wamependa zaidi. Nasi watu wazima je? Nyumba ngapi hukaa kimya siku tatu kwa sababu mume anamsubiri mke aseme, na mke anamsubiri mume? Neno linalosubiriwa ni 'nimekukosea'. Lichambue uone: 'ni' iko mwanzoni, 'ku' inafuata, na hakuna namna ya kulisema bila kujitaja.