Miche tunagawa, lakini ile miaka nani anailipa?

Kila mara proje ya kahawa inapofungwa hapa kwetu mashariki, rapoti inasema ileile: tumegawa miche kiasi hiki, tumefundisha wakulima kiasi hiki. Hata katika memwari zetu za lisansi tunahesabu vile: bei ya muche, mbolea, mikono ya kazi, basi. Swali moja halitoki: ule muche, nani aliutafuta, kwa miaka ngapi, na nani alilipa?

Kahawa si maharagi. Maharagi, kisha miezi mitatu unajua kama yamevumilia ugonjwa. Muti wa kahawa unangoja karibu miaka mitatu mbele ya kuzaa, tena lazima uangalie mavuno mengi. Ukichanganya aina mbili, uchague watoto, uwachanganye tena, miaka 15 inapita haraka. Na mukulima akiisha kupanda, anakaa na shamba lile miaka 20 ao 30. Kama ni robusta, anakata vijiti vya kuotesha na kumupa jirani. Kwake ni faida, lakini kwa muuza mbegu ni hasara: kiliyenti anarudi mara moja tu katika maisha. Njo maana biashara peke yake haitafanya kazi hii.

Trakeomikozi imetufundisha. Ni kuvu inayoziba mishipa ya maji mpaka muti unakauka wote. Ilitesa robusta yetu zamani, wakati INEAC ilikuwa inachagua miti kule Yangambi, kisha ikarudi upande wa Isiro kazi ile ikiwa imezorota. Mwaka 1993 ikaonekana Uganda. Waganda walijaribu miti mingi na ile kuvu, wakachagua iliyovumilia, wakatoa aina za KR. Ilichukua miaka mingi kuliko proje yoyote ya kwetu.

Angalieni Kolombia. Cenicafé, kituo chao cha utafiti, iko tangu 1938. Mwaka 1968 walianza kuchanganya Caturra na Hibridi ya Timor, juu ya kutafuta kinga ya kutu ya majani. Aina yao ya kwanza ilitoka 1982. Kutu ikaingia nchini 1983. Walilipia ugonjwa ambao haujafika! Pesa ilitoka wapi? Kwa kahawa yenyewe: senti 6 za dola kwa kila libra inayouzwa inje, ni kusema karibu nusu kilo, na sehemu yake inalipa utafiti.

Lakini hata wao waliumia. Wakulima wengi walibaki na miti ya zamani, juu kung'oa maana yake ni kukaa karibu miaka mitatu bila mavuno. Mvua nyingi na kutu zikaja, na mavuno yakashuka toka magunia zaidi ya milioni 12 mwaka 2007 mpaka chini ya milioni 8 mwaka 2009. Njo ikawa lazima kuwasaidia kwa mikopo wapande Castillo, aina iliyotoka 2005. Na Castillo ni muchanganyiko wa mistari mingi, kusudi kutu isivunje kinga yote mara moja. Kinga haiko kitu unanunua mara moja, unaendelea kuilipia.

Wengine watasema: tuongeze taksi basi. Hapana. Kahawa yetu inalipa taksi nyingi tayari, na ukiongeza moja unaisukuma kwenye magendo, ivuke mupaka usiku. Tuombe sehemu inayojulikana ya zile zinazolipwa leo iende kwa uchaguzi wa aina, kila mwaka, hata kama bei iko chini.

Sisi wenye kusoma agronomia, tukiitwa kuandika proje ya miaka mine, tuulize mbele ya kusaini: muche ni wa aina gani, ulijaribiwa na ugonjwa gani, na mukulima atakula nini muti ukingali mudogo? Kama jibu halipo, hesabu ya miche ni mapambo ya rapoti.