Kabla Kitambaa Hakijagusa Rangi

Gari lililonisukuma kuandika uchambuzi huu ni Toyota Harrier nyeusi, ile ambayo mitaani huitwa tako la nyani. Ni ya shemeji yangu, mkazi wa Ipogolo. Ikiwa kivulini unaweza kujitazama kwenye mlango wake ukafunga tai. Ikitolewa juani, boneti nzima inajaa mistari myembamba kama utando wa buibui. Shemeji alikuwa amekwishaulizia bei ya kupiga rangi upya. Kwake yeye, rangi ilikuwa imezeeka. Nilimwomba Jumamosi moja tu, tulioshe gari hilo pamoja pale uani kwake, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba rangi ile ilikuwa imekwanguliwa, na iliyoikwangua ni mikono iliyokuwa ikiiosha.

Ipogolo iko bondeni, chini ya mlima wenye mji wa Iringa, na Mto Ruaha Mdogo unapita hapo. Barabara kuu ya TANZAM nayo inapita hapo, na malori ya Tunduma na Zambia hayakauki usiku wala mchana. Kuanzia Juni hadi Novemba mvua ni ya kuhadithiwa. Udongo mwekundu unapanda na magurudumu, unatua juu ya kila kitu, na asubuhi umande wa baridi ya Iringa unaulowanisha ukashika. Gari lililolala nje siku tatu linakuwa limevaa kanzu.

Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, madini yaleyale yanayofanya mchanga umetemete. Katika kipimo cha Mohs, ambacho kilele chake ni almasi yenye 10, kwatzi ina 7, na kioo cha kawaida hakifiki 6. Rangi ya gari, ambayo ni aina ya plastiki iliyokaushwa, iko chini mno ya hapo. Sasa fikiria kijana mwenye bidii anayechovya kitambaa kwenye ndoo na kuanza kusugua boneti yenye vumbi. Wazee wetu walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, na jina la mti huo ndilo tunaloliita hadi leo karatasi la dukani. Kitambaa kilichobeba kwatzi ni msasa, hata kama kimelowa sabuni yenye harufu nzuri.

Na cha kusaga ni kidogo sana. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi tabaka la juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya fotokopi ina kama maikroni 100. Klia, lile tabaka angavu la juu linalobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua, mara nyingi ina maikroni 35 hadi 50 tu, yaani nusu ya unene wa karatasi. Tulifungua boneti tukasoma kibati cha chuma: namba ya rangi ni 202, nyeusi tupu isiyo na chenga. Wanaong'arisha magari katika nchi nyingi wanaifahamu namba hiyo kwa ulaini wake, na weusi wake hauwezi kuficha kosa lolote. Fedha au nyeupe ingeoshwa vibaya miaka kumi bila mwenyewe kujua.

Jambo moja nililomwonyesha shemeji lilimshangaza. Ule utando wa buibui haujajipinda. Mikwaruzo imelala ovyo, huku wima, kule mlazo. Jua linapopiga, ni ile iliyokingama na mwanga tu ndiyo inayorudisha mng'ao machoni. Inayoelekea lilipo jua haionekani kabisa. Jicho basi linaunganisha vipande na kuona duara. Ukisogea hatua mbili, duara nalo linasogea. Kumbe hata kufuta kwa kuzungusha mkono, ambako wengi wanakulaumu, si chanzo chenyewe. Chanzo ni chembe iliyobanwa kati ya kitambaa na rangi, uifute upande wowote upendao. Nafuu ya kufuta kwa mstari mnyoofu ni kwamba mkwaruzo, ukitokea, unaonekana kwa upande mmoja tu.

Kazi yote ya kuosha, kwa hiyo, inaamuliwa kabla kitambaa hakijagusa rangi. Shemeji hana mashine ya maji ya shinikizo, na mpira wa bomba haufiki uani. Tulitumia bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa ambalo wakulima wa nyanya wa Ilula wanatembea nalo shambani. La lita 16, jipya, ambalo halijawahi kuonja kiuagugu wala kiuatilifu. Hilo ni sharti. Tulianza saa moja asubuhi, bodi ikiwa bado baridi, kwa sababu sabuni ikikaukia kwenye chuma cha moto inaacha madoa, na chuma cheusi kinawahi kupata moto hata siku ya baridi. Tukapuliza maji matupu kuanzia kwenye paa kushuka, taratibu, tukiacha uzito wa maji ufanye kazi. Kisha tukapuliza maji ya shampuu ya gari, tukayaacha dakika tano. Hapo sabuni inapenya chini ya vumbi na kulitenga na rangi. Tukasuuza tena kwa bomba. Maji yaliyoshuka yalikuwa mekundu kama uji wa ulezi, na hakuna mkono uliokuwa umegusa chochote.

Nimesema shampuu ya gari kwa makusudi. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, pH yake ikiwa ndani ya maji hufika 10 hivi, na inaondoa kila nta iliyokuwapo. Kwa mara moja haiunguzi rangi, lakini inaiacha uchi, tena katika mji ulio mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ya jua ni mikali kuliko Dar es Salaam.

Ndipo ndoo zikaja. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu, na ya tatu peke yake kwa ajili ya ringi, maana unga wa breki una chembe za chuma. Kila upande mmoja ukimalizika, glovu ya maikrofaiba inasuuzwa kwanza kwenye maji matupu, ikakamuliwa, ndipo ikarudi kwenye sabuni. Paa, vioo, boneti, milango nusu ya juu. Sehemu za chini na bampa mwisho, kwa kuwa huko ndiko uchafu mzito unakokaa. Mkono haukandamizi. Ndoo ya maji matupu ilipomwagwa mwishoni, chini yake mlibaki tope jembamba. Mchanga ule, kwa utaratibu wa ndoo moja, ungerudi juu ya boneti. Hesabu yote ya maji ilikuwa bomba mara tatu na ndoo tatu za lita kumi: lita 78.

Kukausha tulifanya kwa taulo pana la maikrofaiba, tukilitandaza na kulivuta polepole. Fulana kuukuu zina mishono, na mshono unakwaruza.

Kinyesi cha ndege kilikuwa kimekauka juu ya paa. Hiki hakikwanguliwi kwa kucha. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake dakika chache, kilainike, kisha kiinue. Vidoa vya lami pembeni ya magurudumu tulivitoa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, tukaosha papo hapo kwa sabuni. Petroli na thina visikaribie rangi. Na ile desturi ya kupulizia dizeli chini ya gari na kwenye matairi ili yang'ae naipinga kwa nguvu zote: dizeli inalegeza mpira, na bushi hazikutengenezwa ili zioge mafuta.

Ikabaki boneti. Tulichukua eneo la ukubwa wa daftari, tukapaka polishi laini kwa sponji, tukasugua kwa mkono dakika tatu. Kitambaa cheupe cha kufutia kingetoka cheusi, tungejua tumeifikia rangi yenyewe, na tungeacha hapo hapo. Kilitoka cheupe. Mistari myembamba ilipungua sana. Michache inayokamatwa na ukucha ilibaki, na nilimkataza shemeji kuifukuza. Polishi haijazi mkwaruzo. Inasaga klia ya jirani hadi ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila mng'ao wa namna hiyo unalipwa kwa klia, na klia hairudi. Tulimaliza boneti yote siku hiyo, tukapaka nta, milango tukaiacha kama ilivyo.

Swali la maji yanayotiririka lina uzito kuliko rangi. Ni rahisi kushusha gari hadi mtoni, maji ni ya bure na mawe ni ya kukalia. Lakini Iringa inakunywa mto huohuo. Mtambo wa kusafisha maji ya mji uko Ndiuka, hapo jirani. Baada yetu maji yanaendelea hadi Ruaha Mkuu na Mtera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli zinazoweza kudhuru hifadhi yake. Mafuta ya taa, unga wa breki na povu ni vya namna hiyo. Sisi tuliosha juu ya nyasi za uani, udongo ukayanywa maji yote, na hata tone moja halikufika mtaroni.

Gari halikupelekwa kupigwa rangi. Shemeji sasa analiosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili, na kijana anayemsaidia amepewa agizo moja ambalo nakuomba nawe ulitoe nyumbani kwako: kitambaa kikianguka chini, hata kama kimeanguka kwenye nyasi, kisirudi kwenye gari siku hiyo.