Virginia Woolf, Kutokea Ntalikwa

Kitabu cha Virginia Woolf, A Room of One's Own, kilitoka mwaka 1929. Kilitokana na mihadhara aliyoitoa Oktoba 1928 katika vyuo viwili vya wanawake vya Cambridge, Newnham na Girton. Wengi wetu tunakijua kwa hoja moja tu: mwanamke akitaka kuandika, sharti awe na pesa na chumba chake. Mimi naona nguvu ya kitabu iko mezani, kwenye chakula.

Mchana msimulizi anakula chuo cha wanaume: samaki kwa krimu, kware, na divai isiyokauka kwenye glasi. Usiku anakula chuo cha wanawake: supu nyepesi, nyama ya ng'ombe na viazi, plamu kavu na kastadi, halafu jagi la maji. Basi. Aliyewahi kulala bweni ameshaelewa. Woolf hahubiri haki hapo. Anakuwekea sahani mbili na kukuachia hesabu: kwa karne nyingi wanaume walivimwagia dhahabu vyuo vya wana wao, akina mama, ambao sheria iliwanyima hata kumiliki walichochuma, wangewaachia nini binti zao? Cambridge yenyewe iliwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948 tu.

Na huku kwetu? Shule ya serikali ya wavulana ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920, ikilenga hasa watoto wa machifu. Nyerere aliingia mwaka 1937. Makerere ilianza mwaka 1922, na kaulimbiu yake, kwa Kiswahili, ilikuwa "Tuwe wanaume". Si utani. Ilibadilishwa mwaka 1945, walipopokelewa wanawake wa kwanza. Yaani wakati Woolf analalamikia plamu, binti wa Unyamwezi hakuwa na chuo cha kulalamikia chakula chake.

Nyerere, akiwa Makerere, aliandika insha akitumia hoja za John Stuart Mill kuitazama hali ya wanawake katika jamii zetu. Ni jambo la kujivunia. Ila angalia kalamu iko mkononi mwa nani.

Kuna mahali namdai Woolf. Msimulizi wake anapata pauni 500 kwa mwaka, urithi wa shangazi aliyeanguka kutoka kwenye farasi huko Bombay. Bombay! Kitabu hakisemi pesa zile zilichumwa vipi, wala hakijiulizi. Mwandishi anayefuatilia bei ya kila kware mezani analipita koloni kwa sentensi moja. Sisi tuliokuwa chini ya bendera hiyo hiyo hatuwezi kulipita haraka hivyo. Uhuru wa mwanamke mmoja nao una risiti zake.

Hata hivyo kisomeni, maana swali lake bado linatuhusu. Tabora tunaijua kwa misafara, pembe za ndovu, Mirambo na wavulana wa shule ile. Wasichana wa zama hizo walikula nini, walilala wapi, nani aliwakataza kusoma? Waliobaki kati yao, au waliosimuliwa na mama zao, sasa ni vikongwe. Tusisubiri mwandishi mwenye chumba chake. Chukua simu, washa kinasa sauti, msalimie bibi, kisha mwache aseme.